Sita au Tisa? Nguvu na Wembamba wa Sauti katika Uhai wa Sikio

Siku ya mgao katika kanda ya Rubondo, ndani ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, watu husimama katika mistari mirefu wakingoja kuitwa. Ichukuliwe mfano wa mzee mmoja aliye katika mstari huo, naye amepewa namba tisa. Karani aita, "Sita!" Mzee atoka mstarini na kujongea mbele, aambiwa kwamba si zamu yake, arudi nyuma. Vijana wacheka. Kitambo kidogo karani aita, "Tisa!" Safari hii mzee hatoki. Amekwisha kuaibika mara moja, na sasa haliamini tena sikio lake. Zamu yake yapita, naye angali amesimama.

Mzee wa namna hiyo si kiziwi. Ngoma ya harusi huisikia, lori likipanda kilima hulisikia, na akiitwa kwa nguvu hugeuka. Lakini akiulizwa hali yake atajibu maneno ambayo madaktari wa masikio wameyazoea: "Nasikia, ila sielewi." Mkewe humdhania kuwa hataki kusikiliza, watoto humdhania kuwa amekuwa mkaidi, na jirani humsalimu mara moja tu, asipojibiwa hupita zake. Hivyo ndivyo mtu anavyotengwa na wenziwe hali yumo kati yao.

Jambo hili haliwahusu wazee wa Rubondo peke yao. Katika mji wa Mbarara, safari isiyo ndefu kwa gari kutoka Nakivale, ipo kambi ya Makenke, makao ya Divisheni ya Pili ya jeshi la Uganda. Askari anayejifunza kulenga shabaha, polisi anayesimama kutwa penye makutano ya barabara, mama anayesubiri mahindi yake kando ya mashine ya kusaga, na kijana anayelala na vipokea sauti masikioni, wote wamo katika safari ile ile ya mzee yule. Tofauti yao ni umbali waliokwisha kwenda.

Ili kuyaelewa hayo, hapana budi kufahamu mambo mawili juu ya sauti: wingi wa mitetemo yake, na nguvu zake.

SAUTI NI NINI?

Ngozi ya ngoma ikipigwa hutetemeka. Ikitetemeka huisukuma hewa iliyo karibu nayo, hewa hiyo nayo huisukuma ya mbele yake, na mwendo huo huenea pande zote kama mawimbi ya maji ya ziwa yaliyotupiwa jiwe. Mawimbi ya sauti hukimbia hewani kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Ndiyo sababu mtu aliye upande wa pili wa bonde huiona shoka ikianguka juu ya gogo kabla hajausikia mlio wake.

Kipimo cha kwanza cha sauti ni idadi ya mawimbi yanayopita katika sekunde moja. Wataalamu huiita masafa ya sauti, na hupimwa kwa hezi, kwa kumbukumbu ya Heinrich Hertz, mtaalamu wa fizikia wa Ujerumani aliyeishi karne ya 19. Mawimbi yakiwa machache kwa sekunde, sauti huwa nene, kama ya ngoma kubwa au injini ya lori. Yakiwa mengi, sauti huwa nyembamba, kama filimbi au mlio wa ndege mdogo.

Sikio zima la kijana husikia kuanzia hezi 20 hadi hezi 20,000. Zaidi ya hapo binadamu haambulii kitu, ingawa viumbe wengine husikia. Mbwa wa polisi aweza kuitwa kwa filimbi ambayo bwana wake mwenyewe haisikii, na popo hupiga kelele usiku kucha juu ya paa bila kumwamsha mwenye nyumba.

Kipimo cha pili ni nguvu za wimbi, yaani jinsi linavyoisukuma hewa kwa kishindo. Nguvu hizo hupimwa kwa desibeli, neno lililotokana na jina la Alexander Graham Bell, maarufu kwa simu, ambaye pia alikuwa mwalimu wa viziwi na ambaye mkewe, Mabel, alikuwa kiziwi. Mnong'ono ni kama desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Pikipiki iendayo kasi yaweza kufika 90, na vipaza sauti vya dansi aghalabu hupita 100.

Hapa yafaa kuwa mwangalifu, kwa kuwa hesabu ya desibeli si kama hesabu ya kilo za unga. Kila desibeli 10 zinazoongezeka, nguvu za sauti huzidi mara kumi. Kutoka desibeli 60 hadi 90 nguvu huwa zimeongezeka mara 1,000. Lakini sikio halihisi hivyo. Kwa sikio, kila desibeli 10 huonekana kama sauti imeongezeka maradufu tu, hata hizo 30 zikaonekana kama mara nane. Kwa hiyo sikio hupokea kipigo cha mara elfu huku likimwambia mwenyewe kwamba ni mara nane. Ni mlinzi mwaminifu, ila haripoti hatari yote.

SAFARI YA SAUTI NDANI YA KICHWA

Wimbi la sauti huingia katika tundu la sikio na kukipiga kiwambo, ambacho ni ngozi nyembamba iliyowambwa kama ya ngoma. Nyuma yake kuna vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, ambavyo hupokezana mtetemo mpaka sikio la ndani. Humo mna kijumba kilichojizungusha kama kombe la konokono, kikubwa kiasi cha punje ya njegere, nacho kimejaa maji. Katika kijumba hicho mmepangwa seli zenye vinyweleo, kama 15,000 kwa kila sikio. Maji yakitikisika, vinyweleo hupinda, na seli hupeleka habari kwenye ubongo kwa njia ya mishipa ya fahamu.

Seli hizo hazikupangwa ovyo. Zimepangwa kama vibao vya marimba: zilizo karibu na mlango hupokea sauti nyembamba, na zilizo ndani kabisa hupokea sauti nene. Aliyeonyesha jinsi mawimbi yanavyosafiri humo ni Georg von Békésy, mzaliwa wa Hungaria, ambaye alianzia kazi yake katika utafiti wa simu wa posta ya nchi hiyo, na mwaka 1961 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mtu mmoja akipita katika majani, majani hulala kisha husimama tena. Kundi la ng'ombe wa Ankole likipita hapo kila siku, majani hufa na njia hubaki kavu. Ndivyo zilivyo seli za sikio. Kelele ya jioni moja huzilaza. Mtu huondoka dansini masikio yakivuma kana kwamba yametiwa pamba, na baada ya saa kadhaa au siku moja mbili usikivu hurudi. Kelele ya kila siku huziua. Na seli iliyokufa haioti nyingine. Kuku akiharibiwa seli zake za sikio huota mpya. Binadamu hakujaliwa bahati hiyo.

Tena, hata usikivu unaporudi, si lazima kila kitu kiwe kimepona. Mwaka 2009, watafiti Sharon Kujawa na Charles Liberman wa Marekani walionyesha, kwa kuwapima panya, kwamba baada ya kelele kali seli zaweza kupona huku viungo vya neva vinavyozihudumia vikiwa vimeharibika kabisa. Kwa hiyo mtu anayejisifu, "Masikio yalivuma jana, leo ni mazima," asijipe hakika kupita kiasi.

KWA NINI SITA HUGEUKA TISA

Kelele kali haiziui seli zote kwa mpigo. Huanza na zile za sauti nyembamba, hasa karibu na hezi 4,000. Moja ya sababu ni kwamba tundu la sikio, kwa urefu wake, huzikuza sauti za kiasi cha hezi 3,000 kabla hazijafika ndani, kama vile chupa inayopulizwa mdomoni inavyokuza mlio wake. Daktari akimpima mtu aliyefanya kazi penye kelele kwa miaka mingi, mchoro wa usikivu wake huonyesha shimo mahali hapo, hali pande nyingine zingali nzima. Uzee nao hula kuanzia upande wa sauti nyembamba.

Sasa na yatazamwe maneno ya Kiswahili. Irabu kama a, o na u ni sauti zenye nguvu, na sehemu kubwa ya nguvu hizo imo chini ya hezi 1,000. Konsonanti kama s, t, f, k na sh ni dhaifu na nyembamba. S peke yake huwa hasa katika hezi 4,000 na kuendelea. Irabu ndizo zinazolifanya neno lisikike, na konsonanti ndizo zinazolifanya lieleweke.

Sita na tisa ni maneno mawili yenye irabu zile zile, i na a, kwa mpangilio ule ule. Kilichobadilishana nafasi ni s na t tu. Mtu aliyepoteza sauti nyembamba huletewa "i-a", kisha huachwa akisie mwenyewe. Akikisia vema, hakuna anayejua kwamba ana dosari. Akikosea, huchekwa.

Katika mstari wa mgao kosa hilo humpotezea mtu zamu. Penginepo gharama yake ni kubwa zaidi. Mgonjwa huambiwa anywe dawa saa sita akasikia saa tisa. Askari wa zamu hupewa amri ya kubadilishana lindo kwa simu ya upepo yenye mkwaruzo, na sita ikawa tisa. Na kuna jozi nyingine ambayo kila mwenye bunduki yafaa aifikirie: "pita" na "piga". Penye upepo au mngurumo wa injini, kati ya maneno hayo mawili kuna konsonanti moja tu iliyosimama kati ya uhai na mauti.

NGUVU NA MUDA

Watu wengi hudhani kuwa sauti isiyoumiza haidhuru. La hasha! Maumivu huanza penye desibeli 120 au zaidi, lakini madhara huanza mbali chini ya hapo, kama mtu akikaa penye kelele muda mrefu. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma. Na kila desibeli 3 zinazoongezeka, muda wa usalama hupungua nusu.

Hesabu hiyo yaweza kufanywa na mtoto wa shule. Desibeli 80 ni saa 40 kwa juma. 83 ni saa 20. 86 ni saa 10. 89 ni saa 5. 92 ni saa mbili na nusu. 95 ni saa moja na robo. Zikifika 101, juma zima la usalama limebaki kama dakika 19 basi. Kijana anayekesha dansini mbele ya vipaza sauti, kwa usiku mmoja hutumia akiba ya majuma mengi.

Asiye na chombo cha kupimia aweza kutumia sauti yake. Ikiwa watu wawili waliosimama umbali wa mkono mmoja hawasikilizani mpaka wapige kelele, mahali hapo pamefika kiasi cha desibeli 85 au pamepita. Penye kazi ya namna hiyo pataka kinga.

Jambo hili si geni. Mwaka 1886, daktari Thomas Barr wa Glasgow, Uskochi, aliwapima mafundi 100 waliokuwa wakigongelea mabirika makubwa ya chuma ya injini za mvuke. Hakumwona hata mmoja mwenye usikivu mzima. Leo mafundi wa bati, waranda mbao kwa mashine na wasaga nafaka wamo katika hali ile ile, isipokuwa wakijikinga.

RISASI NA MZINGA

Wakazi wa Mbarara na vilima vya Isingiro wanaijua sauti ya vita. Mwezi Februari 1979, majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliompinga Idi Amin waliupiga mji wa Mbarara kwa mizinga na maroketi, yale ambayo wananchi waliyaita "saba saba", na tarehe 25 ya mwezi huo mji ukatekwa. Waliokuwa mbali, ng'ambo ya vilima, walisikia mngurumo mnene tu kama radi, kwa sababu hewa huzila sauti nyembamba njiani na kuziacha nene zifike. Aliyekuwa karibu alipigwa na zote mbili kwa pamoja. Kijana aliyekuwa na miaka 20 siku hiyo sasa amepita miaka 60, umri ambao uzee huongeza hasara yake juu ya hasara ya zamani. Na katika Nakivale wamo watu wa Kongo, Burundi, Rwanda na Somalia, wengi wao wakiwa wamekimbia vita, na yamkini baadhi yao waliondoka na jeraha la sikio ambalo halionekani katika cheti chochote.

Mlipuko ni adui wa namna yake. Bunduki ya kivita, karibu na sikio la mpigaji, hufikia kilele cha desibeli 150 na zaidi, hali mtu mzima hapaswi kupigwa na kilele kinachopita 140. Hapo hakuna tena hesabu ya saa wala dakika. Risasi moja yatosha kudhuru. Katika sikio la kati mna misuli midogo ambayo hujikaza sauti kali ijapo ili kupunguza kishindo. Lakini misuli hiyo huchelewa sehemu ndogo ya sekunde, na risasi haingoji. Ni mlinzi anayefunga lango baada ya adui kuingia.

Askari apigaye kwa bega la kulia, sikio la kushoto ndilo linaloelekea mdomo wa bunduki, na la kulia hufichwa kidogo na kichwa chake. Ndiyo maana katika askari wa zamani sikio la kushoto mara nyingi huwa bovu zaidi. Na katika Marekani, miongoni mwa madhara yanayolipiwa fidia kwa askari waliostaafu, kuvuma kwa masikio na kupungua usikivu ni miongoni mwa yanayotangulia kwa wingi.

Kinga ipo. Vizibo laini vya masikio, vikivaliwa sawasawa, hupunguza kiasi cha desibeli 15 hadi 30. Kizibo cha sponji hubiringishwa kwa vidole mpaka kiwe chembamba. Mkono wa pili huvuta sikio juu na nyuma ili tundu linyooke. Kizibo huingizwa na kushikwa nusu dakika mpaka kitanuke. Kikiachwa nje nusu, hakifanyi kazi. Katika uwanja wa shabaha ni bora kuvaa vizibo pamoja na vifuniko vya nje. Pamba kavu haizuii kitu cha maana, na ganda la risasi au kipande cha sigara ndani ya sikio ni hatari isiyo na faida. Asiyepiga naye ana dawa rahisi, nayo ni kusogea: mahali pa wazi, kila umbali unapoongezwa maradufu, sauti hupungua kiasi cha desibeli 6.

Wapo wanaodhani kuwa kuziba masikio ni woga. Askari asiyesikia ufito ukivunjika gizani si shujaa kuliko mwenzake. Ni mzigo kwa mwenzake. Na mlio wa ufito ni sauti nyembamba.

KATIKA NYUMBA NA MTAA

Mama wa nyumbani aweza kuokoa masikio mengi bila gharama. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba asilimia 60 ya uziwi wa watoto hutokana na sababu zinazoweza kuzuiwa. Yafaa haya yazingatiwe:

1. Sikio lisichokolewe kwa njiti ya kiberiti, kipini cha nywele wala unyoya wa kuku. Nta ya sikio ni kinga, na kwa kawaida hutoka yenyewe. Ikiziba, mtaalamu wa afya ataitoa.

2. Sikio linalotoa usaha lisiachwe kwa kusema "atapona akikua". Lisitiwe mafuta wala maji ya majani. Mtoto apelekwe kwenye kituo cha afya, kwa kuwa usaha wa kudumu hutoboa kiwambo na kula vifupa.

3. Watoto wachanjwe kwa wakati. Surua, matubwitubwi na homa ya uti wa mgongo huweza kumwacha mtoto kiziwi.

4. Kwinini yaweza kuyavumisha masikio, na hali hiyo kwa kawaida hupita dawa ikimalizika. Dawa za sindano kama jentamaisini na streptomaisini zaweza kuua seli za sikio moja kwa moja. Mgonjwa asiache dawa kwa hiari yake. Amweleze daktari mara anapoona masikio yanavuma.

5. Simu yenye vipokea sauti isipite asilimia 60 ya sauti yake, na sikio lipewe mapumziko. Ikiwa mtu aliye kando ausikia muziki huo, umezidi.

6. Kitanda cha mtoto mchanga kisiwekwe kando ya redio, wala mtoto asibebwe mgongoni mbele ya vipaza sauti, uwe ni mkutano, sala au arusi.

Juu ya kelele za mtaa, kanuni za Uganda za mwaka 2003 kuhusu udhibiti wa kelele ziliweka kiwango cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa sehemu za makazi. Polisi anayemwomba mwenye baa apunguze sauti usiku haingilii furaha ya watu. Analinda afya ya mtaa, na ya familia yake mwenyewe iliyolala karibu.

DALILI NA MATIBABU

Mtu mzima ajitazame kama aomba kurudiwa maneno mara kwa mara, kama humsikia mwanamume vema kuliko mwanamke au mtoto, kama redio yake huwakera wengine, au kama masikio huvuma usiku penye kimya. Mtoto mchanga asiyeshtuka kwa kishindo, na mtoto wa mwaka mmoja asiyegeuka akiitwa jina, apimwe mapema, kwa sababu asiyesikia hawezi kujifunza kusema kwa kusikia.

Baada ya mlipuko, aliyetokwa na damu sikioni asiliingize maji wala dawa yoyote. Kiwambo kilichopasuka kidogo mara nyingi hujiziba chenyewe kwa majuma kadhaa kikikaa kikavu. Aliyepoteza usikivu kwa ghafula aende hospitali siku hiyo hiyo, asingoje kesho. Kwa watu wa Nakivale na Mbarara, hospitali kubwa ni Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambamo wanafundishwa madaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kilichoanzishwa mwaka 1989. Daktari wa masikio hupima kwa mashine inayotoa milio ya masafa mbalimbali, kuanzia nene hadi nyembamba, na mgonjwa huonyesha kila anaposikia.

Kifaa cha kusaidia kusikia hukuza sauti, lakini hakifufui seli. Na aliye kiziwi kabisa si mtu wa kutupwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ilitaja ukuzaji wa lugha ya alama, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, ambaye ni kiziwi, aliingia Bungeni na kuzungumza humo kwa lugha hiyo.

ADABU YA KUSEMA NA ASIYESIKIA VEMA

Kumpigia kelele mtu aliyepoteza sauti nyembamba hakumsaidii sana. Kelele huzikuza irabu, ambazo anazisikia tayari, na kuziacha s na t pale pale zilipokuwa. Lililo jema ni kumkabili uso kwa uso penye mwanga ili auone mdomo, kusema polepole bila kukata maneno, kuzima redio kwanza, na asipoelewa kubadili neno badala ya kulirudia lile lile. Kwa simu ya upepo, namba itajwe kisha ipokelewe kwa kurudiwa na anayeambiwa, isidhaniwe tu kwamba imefika.

Wahenga walisema, sikio la kufa halisikii dawa. Walikuwa wakimsema mtu mkaidi, lakini kwa seli zile ndogo za sikio maneno hayo ni kweli tupu: zikifa, dawa hazizisikii. Ndiyo maana kazi yote imo katika kuzilinda zingali hai.

Na kwa mzee aliye mstarini Rubondo, ambaye zake zimekwisha kufa, dawa iliyobaki imo mikononi mwa karani. Akisema "tisa", ainue na vidole tisa.